Nyama ya Sokoni na Diski ya Kijana



Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya Misa ya Jumapili, tukiwa tumesimama mlangoni pa kanisa tukiagana na watu. Mkononi alikuwa na kikasha cha plastiki chenye diski mbili za muziki. Akatuuliza swali, nasi tukamjibu kabla hajalimaliza. Jibu lile limetusumbua tangu siku ile. Makala haya ni jaribio la kulijibu tena swali lile lile, safari hii pasipo haraka.

Diski zenyewe zilikuwa za muziki wa sinema iitwayo The Matrix Reloaded, iliyotolewa mwaka 2003. Wengi wenu, hasa wazee, hamjaiona, wala hamna haja ya kuona haya. Ni hadithi ya kubuni, ya zile zinazosimulia ulimwengu wa mbele na maajabu ya sayansi, nayo ni mwendelezo wa sinema iliyotoka mwaka 1999. Husimulia kwamba wanadamu wamelazwa usingizi na mashine, na kwamba miji wanayodhani wanaishi ndani yake ni ndoto iliyotengenezwa na kompyuta. Wachache walioamka hukaa katika mji ulio chini sana ya ardhi, na mji huo huitwa Zion, yaani Sayuni. Chombo wanachosafiria mashujaa kina jina la Nebukadreza, mfalme yule wa kitabu cha Danieli. Mwanamke aliye shujaa jina lake maana yake ni Utatu. Watungaji walichota katika Biblia, tena katika dini nyingine na katika falsafa, kama mpita njia achotavyo maji kisimani bila kuuliza ni nani aliyekichimba.

Muziki wake uliuzwa kwa diski mbili pamoja. Ya kwanza ina nyimbo 12 za roki na tekno. Roki mnaijua, ni ule muziki wa magitaa ya umeme na ngoma nzito. Tekno ni muziki ambao pigo lake hutoka katika mashine, likirudi na kurudi bila kuchoka kama moyo wa mtu akimbiaye. Diski ya pili ina muziki uliotungwa ili uende sambamba na picha, na sehemu kubwa ni kazi ya Mmarekani Don Davis. Pamoja naye wamo Juno Reactor wa Uingereza na Rob Dougan wa Australia.

Sasa swali la kijana. Katika ile diski ya kwanza wimbo wa saba umeimbwa na bendi iitwayo P.O.D., vijana wa San Diego, California, ambao hukiri wazi kwamba ni Wakristo. Wimbo wao wasema habari za kulala mtu akiwa macho, na humo Sayuni imetajwa. Lakini wimbo wa pili katika diski hiyo hiyo ni wa Marilyn Manson, aliyetoa mwaka 1996 albamu ambayo jina lake lilimtangaza kuwa mpinga Kristo, na ambaye aliwahi kukubali heshima ya ukuhani kutoka kwa lile kundi la Marekani lijiitalo kanisa la Shetani. Jina la wimbo wake hatuwezi kuliandika katika gazeti la kanisa. Kijana akasema, “Wazee wangu, huu wa saba umenisaidia kusali. Je, niusikilize huu na kuuruka ule? Au kwa kuwa vimekaa pamoja, vyote ni najisi?”

Nasi tukamwambia, “Mwanetu, maziwa yakiingia tone moja la sumu humwagwa yote. Itupe.” Akatushukuru, akaenda nyumbani akaivunja.

Tuanze na maziwa, kwa kuwa mfano ule ndio uliotudanganya. Maziwa na sumu huchanganyika, na baada ya hapo hakuna awezaye kusema tone hili ni jema na hili ni baya. Nyimbo hazichanganyiki. Kila moja ina mwanzo wake na mwisho wake, na kati ya wimbo wa pili na wa saba zimo nne nyingine za watu wengine kabisa. (Mmoja wa waimbaji hao ameingia mara mbili, katika bendi mbili tofauti, jambo ambalo kijana alitueleza kwa furaha nasi hatukulisikiliza.) Diski ya namna hii ni sinia kuliko kuwa chungu. Aliyealikwa penye sinia aweza kula wali na kuacha pilipili, na hakuna atakayesema amekula pilipili.

Tena tulikuwa na haraka ambayo wengine walikuwa nayo kabla yetu. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, katika jimbo la Colorado huko Marekani, waliwaua wenzao na mwalimu wao kwa bunduki. Katika siku zilizofuata watu wengi walimlaumu huyo huyo Marilyn Manson, wakisema muziki wake ndio uliowafundisha. Hata sinema ya kwanza ya Matrix, iliyokuwa na majuma matatu tu tangu kutoka, ilishutumiwa kwa ajili ya makoti marefu meusi ya mashujaa wake. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba vijana wale hawakuwa wafuasi wa mwimbaji huyo. Hatumtetei. Twasema tu kwamba palipo na msiba na hofu, wimbo ni mtuhumiwa wa rahisi, kwa sababu hauwezi kujibu.

Mtume Paulo aliandika juu ya jambo linalofanana sana na hili, na twaona aibu kwamba hatukulikumbuka siku ile, maana tumelihubiri mara nyingi. Katika mji wa Korintho nyama iliyouzwa sokoni mara nyingi ilitoka katika dhabihu za mahekalu ya miungu. Mkristo afanye nini? Katika sura ya 10 ya barua yake ya kwanza Paulo hatoi jibu moja bali matatu. Iliyo sokoni, nunua ule, usianze kuulizauliza. Ukialikwa nyumbani kwa mtu asiyeamini, kula pia. Ila mtu akikuambia hii ni ya sanamu, iache kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema. Lakini kuketi katika meza ya sanamu yenyewe, hilo haliwezekani kwa mtu anayeketi katika meza ya Bwana. Nyama ni ile ile katika habari zote tatu. Kinachobadilika ni mahali mtu alipokaa na ni nani anayemtazama.

Basi kijana wetu alikuwa mtu wa sokoni. Alinunua dukani kitu kilichouzwa kwa wote. Kwa yeye jibu lilikuwa jepesi, tungelifikiri kwa muda wa kufunga mlango wa kanisa: sikiliza wa saba, ruka wa pili, na kama una mdogo wako chumbani asiyeweza kuuruka, mfikirie yeye kwanza. Hayo tu.

Ugumu uko kwa waimbaji. Wao hawakununua nyama. Wao ndio nyama, au tuseme wao ndio waliopanda mezani. Je, P.O.D. waliketi katika meza ya sanamu?

Tuwatendee haki. Katika albamu za namna hii kwa kawaida kila bendi hurekodi wimbo wake mahali pake, na wenye kampuni ndio huzikusanya na kuzipanga. Mwimbaji huweza kujikuta jirani na mtu ambaye hajapata kumwona. Tena watu hawa hawakuficha walivyo. Jina lao ni neno la benki za Marekani, nalo lahusu fedha zinazolipwa mwenye akaunti akishakufa. Wao hueleza kwamba deni letu lililipwa kwa kifo cha Kristo. Wimbo wao uliingia masikioni mwa watu ambao hawatakanyaga kanisani maisha yao yote. Kama wangekataa, ile albamu ingetoka vile vile, ikiwa na wimbo wa pili na bila wa saba. Sisi tuliosema “itupe” tungepata faida gani kwa hilo?

Hata neno Sayuni hawakuliiba, wala hawakuliuza. Bendi hii ina sauti ya rege ndani ya roki yake, na katika rege Sayuni imekuwa ikiimbwa kwa miaka mingi na watu wa Jamaika ambao kwao maana yake ni Afrika, ni Uhabeshi, ni nyumbani. Katika sinema ni pango lenye joto ambamo watu wa kila rangi wanangojea jeshi la mashine. Katika Zaburi ni mlima wa Mungu. Msikilizaji mmoja akisikia neno hilo atasikia mojawapo ya haya, au yote matatu. Mwimbaji hana uwezo wa kuamua. Nasi mimbarani hatuna uwezo huo pia, ijapokuwa hatupendi kukiri.

Yafaa pia kukumbuka yaliyowapata baadaye. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2003 walitoa albamu yao wenyewe, na kwa sababu ya picha iliyochorwa juu ya jalada lake maduka kadhaa ya vitabu vya Kikristo huko Marekani yalikataa kuiuza. Basi kwa wengine walikuwa wacha Mungu kupita kiasi, na kwa wengine watu wa dunia kupita kiasi. Twawahurumia. Mtu asimamaye mlangoni hupigwa na upepo wa pande zote mbili.

Hayo yote tumeyasema kwa upande wao, nasi twayaamini. Lakini limebaki jambo moja ambalo hatuwezi kulimeza, nalo halimhusu jirani bali mwenye sinia.

Walioikusanya albamu ile hawakuwa na ugomvi na Mungu, wala hawakuwa na upendo naye. Walikuwa na hesabu. Wako vijana watakaonunua kwa ajili ya huyu, na wako watakaonunua kwa ajili ya yule. Basi wawekwe wote wawili. Imani na kufuru zimekaa pale kama soda za rangi mbili ndani ya kreti moja. Tumefikiri sana habari hii, na tumefika mahali ambapo hatukutarajia kufika: kati ya wote waliomo, yule mkufuru ndiye aliye karibu zaidi na mwimbaji wa wimbo wa saba. Mtu achukiaye jina la Mungu kwa bidii yote bado analichukua jina hilo kuwa kitu. Mwenye sinia halichukui kuwa kitu chochote. Kwake ni ladha.

Nasi hatuoni mwimbaji mcha Mungu aweza kufanya nini juu ya hilo, ila kuimba vizuri hata wimbo wake ushindwe kuwa ladha tu. Ule wa saba ulishindwa kuwa ladha tu chumbani kwa kijana mmoja wa mtaa huu. Hilo twalijua kwa hakika.

Iko bendi nyingine katika diski ile ambayo imelichukua swali hili upande wake mkali zaidi, na inatugusa kidogo sisi wa Afrika Mashariki. Ni Rage Against the Machine ya Los Angeles, ambayo mpiga gitaa wake, Tom Morello, ni mtoto wa mwanadiplomasia wa Kenya, Bwana Ngethe Njoroge, aliyewahi kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Bendi hii iliimba dhidi ya matajiri, dhidi ya vita, dhidi ya makampuni makubwa. Na diski zake zilitolewa na kampuni iliyo mali ya Sony. Tena walikuwa na fahari moja ya ajabu: katika albamu zao waliandika kwamba sauti zote zilizomo zilitoka kwa gitaa, gitaa la besi, ngoma na kinywa, pasipo vinanda vya mashine. Kisha wimbo wao wa mwaka 1999 ukatiwa katika albamu hii, karibu na nyimbo za tekno ambazo karibu zote ni mashine, ili kuipamba sinema inayowalaumu mashine. Kwa kweli mtu akitaka kucheka ana nafasi.

Walipoulizwa juu ya kuuza maonyo yao kwa mikono ya wale wanaoonywa, jibu la Morello limekuwa kwamba katika nchi ya mabepari njia za kupeleka habari ni za mabepari, na anayetaka kusikika hana budi kuzipita. Si jibu baya. Mitume walipeleka Injili kwa barabara za Warumi, na barabara zile hazikujengwa kwa ajili ya Injili. Zilijengwa ili majeshi yapite upesi. Lakini Paulo alipoipita barabara ile alifika mwenyewe, akasema maneno yake mwenyewe, akapigwa mawe kwa ajili yake. Wimbo hauna miguu. Hupelekwa. Mwimbaji wa bendi ile alikuwa ameondoka tangu mwaka 2000, na bendi ilikuwa imekwisha kutawanyika, wakati wimbo ulipochukuliwa kuwekwa mwisho wa sinema. Umetungwa juu ya maskini na hasira yao. Unapoanza, picha imekwisha, majina ya mafundi yanapanda kwenye kitambaa cheupe, na watu wanainuka vitini, wanakung'uta bisi nguoni, wanatafuta funguo za magari. Hasira ya maskini imekuwa muziki wa kutokea mlangoni.

Je, ni kosa la wimbo? La. Je, ni kosa la aliyeutunga? Hapo tumegawanyika sisi wenyewe tunaoandika. Mmoja wetu asema kwamba aliyeuza kitu amekubali matumizi yake. Mwingine asema kwamba kwa hesabu hiyo hakuna mtu angetengeneza kisu. Tumeyaacha hapo.

Mwezi uliopita tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, ili kumwambia kwamba jibu letu lilikuwa la haraka. Alitupokea vizuri, akatuamkia, mkewe akatuletea chai. Tulipomweleza tulilojia akacheka, akasema, “Shikamooni tena, wazee. Mbona sikuvunja zote?” Alikuwa amevunja diski ya kwanza tu. Ya pili aliiweka, kwa sababu, alisema, haina maneno, na kisicho na maneno hakiwezi kumkufuru Mungu.

Tulifurahi, kisha njiani kurudi furaha ikapungua, maana tulikumbuka jina la kile chombo. Someni wenyewe Danieli sura ya 3. Nebukadreza alisimamisha sanamu ya dhahabu katika uwanda wa Dura, akaamuru kwamba wakati vyombo vyote vya muziki vitakapolia, kila mtu aanguke kifudifudi. Mwandishi anavitaja vyombo kimoja kimoja, na kurudia orodha ile mara nne kana kwamba anaipenda. Hakuna wimbo uliotajwa. Hakuna neno hata moja lililoimbwa. Ulikuwa muziki mtupu, na ndio ulioangusha taifa zima. Kwa hiyo kijana wetu alikosea kama sisi tulivyokosea, yeye kwa upande wa pili: sisi tulidhani uovu umo katika kitu, yeye alidhani umo katika maneno.

Na wale watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego? Walikuwa watumishi wa serikali ya mfalme yule, wakila mshahara wake, wakiitwa kwa majina aliyowapa watu wake. Muziki waliusikia kama wengine wote. Hatusomi kwamba waliziba masikio, wala kwamba walivunja kinubi cha mtu. Huenda hata waliona ni muziki mzuri. Wapigaji wa mfalme hawakosi kuwa hodari. Walikuwa wamesimama tu, na watu wote kandokando yao walikuwa chini.

Tukarudi tena kwake Jumapili iliyofuata kumwambia hili, maana tuliona hatuwezi kumwachia nusu ya jibu mara ya pili. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama tungependa kuisikia ile diski, kwa kuwa, alisema kwa adabu, alidhani hatujapata kuisikia. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumetoa hukumu juu ya kitu ambacho masikio yetu hayakuwahi kukijua.

Akatuchagulia kipande kiitwacho “Teahouse”, cha Juno Reactor pamoja na kundi la wapiga ngoma wa Japani liitwalo Gocoo, ambacho katika sinema husikika wakati watu wawili wanapigana katika nyumba ya kunywea chai ili wajuane. Ngoma zile kubwa zikaanza, na chini yake pigo la mashine, hata hukuweza kusema mkono wa mtu umekoma wapi na mashine imeanza wapi. Watoto wake wawili wakaja mbio kutoka uani. Tulikuwa tumesimama wote, kwa heshima au kwa mashaka, hatujui. Mmoja wetu, ambaye magoti yamemsumbua tangu masika, akaomba kiti.